Kupanga ni Kuchagua: Mtihani wa Vyuo Vikuu Vyetu

Mwezi Mei 1969, Mwalimu Julius Nyerere alipouweka mbele ya Mkutano Mkuu wa TANU Mpango wa Pili wa Maendeleo ya Miaka Mitano, aliipa hotuba yake jina ambalo limebaki vinywani mwa watu hadi leo: Kupanga ni Kuchagua. Maana yake ni nyepesi kueleweka lakini ni nzito kutekelezwa. Nchi yenye fedha kidogo haiwezi kufanya yote kwa wakati mmoja. Ikisema itafanya hili, sharti iwe tayari kusema pia kwamba lile litangoja. Mpango usiotaja kitakachongoja ni orodha ya matumaini tu.

Tunaukumbusha msemo huo kwa sababu vyuo vikuu vya Tanzania vimo katika mabadiliko makubwa. Majengo mapya yanainuliwa, mitaala inaandikwa upya, matawi yanafikishwa katika mikoa ambayo haikupata kuwa na chuo kikuu cha umma, na wahadhiri vijana wanapelekwa masomoni. Sehemu kubwa ya kazi hiyo imetokana na Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola za Marekani milioni 425 mwaka 2021, kwa muda uliopangwa kuwa miaka mitano. Fedha hizo, hata kama masharti yake ni nafuu, ni mkopo. Watakaoulipa ni wananchi wote, pamoja na mkulima ambaye mtoto wake hatakanyaga ukumbi wa mihadhara maisha yake yote.

Hapana mwenye akili timamu atakayepinga kwamba mabadiliko yanahitajika. Linalotupasa kuuliza ni nani atakayeyabeba mabadiliko hayo fedha za mradi zitakapokwisha, na ni kitu gani tumekubali kukiacha ili haya yawezekane. Majibu hayahitaji kutafutwa ng'ambo, maana historia ya elimu ya juu katika nchi yetu imeyaandika zaidi ya mara moja, nasi tumekuwa wepesi wa kuyasahau.

Kitivo kimoja katika nyumba ya kuazima

Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru wa Tanganyika, Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifungua milango yake katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiofika 15. Mlima ambao leo unajulikana kwa jina la Mlimani haukuwa umekaliwa bado. Chuo kilihamia huko mwaka 1964.

Kwa nini sheria? Kwa sababu somo hilo halikuwapo Makerere wala Nairobi. Vyuo hivyo vitatu, ambavyo mwaka 1963 viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, viligawana kazi. Makerere ilikuwa na udaktari na kilimo, Nairobi ikawa na uhandisi na utabibu wa mifugo, na Dar es Salaam ikapewa sheria. Kijana wa Kitanganyika aliyetaka kuwa daktari alipanda gari kwenda Uganda, na Mganda aliyetaka kuwa wakili akaja kwetu.

Mgawanyo huo ulikuwa na kasoro zake, na kila nchi iliyojitawala ilitaka, kwa haki kabisa, kuwa na chuo chake kamili. Mwaka 1970 ushirika ukavunjika na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikasimama peke yake. Hata hivyo, linalostahili kukumbukwa ni kwamba walioanzisha chuo hicho walichagua. Walitafuta walimu wazuri wa somo moja, wakaridhika na nyumba ya kuazima, na wakakubali kwamba masomo mengine yangengoja.

Azimio la Musoma

Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kupitisha azimio lililobadilisha njia ya kuingia chuo kikuu. Tangu hapo mhitimu wa Kidato cha Sita hakuweza kwenda Mlimani moja kwa moja. Ilimpasa kwanza afanye kazi, kisha apate pendekezo la mahali pake pa kazi na la Chama, ndipo afikiriwe. Nia ilikuwa njema na ilikuwa na sababu. Viongozi walikuwa wameona vijana wakijitenga na umma uliowasomesha, na wengi walikumbuka Oktoba 1966, wanafunzi walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa hata Mwalimu akawarudisha makwao mamia yao. Mtu mzima aliyefanya kazi, ilidhaniwa, angeisoma nadharia akiwa na mfano wake mkononi. Na kweli, wako wahadhiri wa siku zile ambao hadi leo huwasifu wanafunzi wale kwa ukomavu wao.

Lakini njia ya kuifikia nia hiyo haikuhesabiwa vya kutosha. Idadi ya wanawake walioingia chuoni ilishuka, kwa kuwa miaka ile ya kusubiri ndiyo miaka ambayo binti wengi huolewa na kupata watoto. Vitivo vya sayansi na uhandisi navyo vilipata taabu ya kujaza nafasi zao, kwani hesabu na fizikia ni maarifa yanayofifia upesi yasipotumiwa. Haukupita muda mrefu kabla ya masharti kulegezwa kwa wanawake, kisha kwa masomo ya sayansi, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 sharti la kufanya kazi kwanza lilikuwa limeondolewa kwa sehemu kubwa.

Azimio la Musoma linatufundisha kwamba lengo jema halitoshi. Mwalimu wa hesabu angeweza kusema mapema lipi litatokea katika darasa lake, na msajili wa chuo angeweza kuonyesha kwa kalamu na karatasi idadi ya wasichana itakavyokwenda. Anayeamuru mabadiliko bila kwanza kuwasikiliza walio karibu na kazi hujikuta akiyajua madhara baada ya miaka kumi, wakati ambapo kizazi kizima kimekwisha kupita.

Mlimani yajipanga yenyewe

Mfano wa pili ni wa namna nyingine. Miaka ya 1980 ilikikuta Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika hali ya kusikitisha. Uchumi ulikuwa umedhoofika, na baada ya Serikali kutia saini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, matumizi ya umma yalibanwa. Maktaba ikakosa majarida mapya, maabara zikakosa kemikali, na mwalimu wa chuo kikuu ambaye mshahara wake haukumfikisha mwisho wa mwezi akawa mfugaji wa kuku. Uhusiano kati ya wanafunzi na Serikali ukaharibika hata, mwezi Mei 1990, chuo kikafungwa na kubaki hivyo mpaka mwaka uliofuata.

Ni katika hali hiyo ndipo Profesa Matthew Luhanga alipopewa Umakamu Mkuu wa Chuo mwaka 1991. Yeye na wenzake wangeweza kufanya kama ilivyozoeleka, yaani kuandika barua ya kuomba fedha na kungoja majibu. Badala yake walianza kwa kujikagua. Chuo kikauliza kina nguvu gani na udhaifu gani, kazi yake hasa ni ipi, na kazi zipi kinazifanya ambazo si zake. Kutokana na zoezi hilo la 1993 ukazaliwa mpango wa mageuzi ya chuo, na mwaka 1994 Baraza la Chuo likapitisha mpango mkakati wa kwanza. Vitivo navyo vikatakiwa kuwa na mipango yao inayoafikiana na ule mkubwa, na kila mwaka ikaitishwa mikutano ya mashauriano ambako chuo, Serikali, wafadhili na wadau wengine walikaa pamoja kutazama lipi limefanyika na lipi limekwama.

Sifa kubwa ya mpango ule ni kwamba ulichagua. Chuo kiliamua kwamba kuwapikia wanafunzi chakula si kazi ya chuo kikuu, kikajiondoa jikoni, ingawa uamuzi huo haukuwapendeza wengi. Kikaamua kuongeza wanafunzi kwa kutumia vizuri zaidi kumbi na walimu waliokuwapo, na kutafuta mapato yake chenyewe badala ya kutegemea Hazina peke yake. Wanafunzi ambao mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa takriban 3,000 walipita 10,000 katikati ya miaka ya 2000. Mwaka 2003 viongozi wa mageuzi hayo walichapisha vitabu wakieleza walivyofanya, pamoja na yale yaliyowashinda, na vyuo vingine vya Afrika vikaweza kujifunza kutokana navyo.

Yaliyowashinda yana faida kwetu leo kuliko yaliyofanikiwa. Chuo kingeweza kupanga kila kitu kilichokuwa chini ya mamlaka yake, lakini ufunguo wa ajira haukuwa mkononi mwake. Katika miaka ya 1990 Serikali ilisimamisha ajira mpya katika utumishi wa umma. Wanafunzi wakaongezeka, ilhali wahadhiri vijana hawakuajiriwa. Maprofesa walioingia kazini miaka ya 1970 wakazidi kuzeeka pamoja, na walipoanza kustaafu pamoja, nyuma yao pakaonekana pengo la umri mzima. Pengo la namna hiyo haliwezi kuzibwa kwa mwaka mmoja wa bajeti, maana mhadhiri mwenye shahada ya uzamivu hutengenezwa kwa miaka kumi au zaidi tangu aingie mwaka wa kwanza.

Vivyo hivyo mabweni. Vitanda havikuongezeka kwa mwendo wa wanafunzi, nao vijana wakabuni njia yao na neno lake: "kubebana", yaani mwenye kitanda kumpokea asiye nacho, wawili wakalala mahali pa mmoja. Hosteli mpya zilizofunguliwa Mlimani mwaka 2017, majengo 20 yenye nafasi za wanafunzi 3,840, zilikuwa faraja kubwa. Lakini zilifika zaidi ya miaka ishirini baada ya mpango wa kuongeza wanafunzi kupitishwa. Aliyesoma katikati ya miaka hiyo hakufaidi hosteli hizo, bali alilipa gharama ya kuchelewa kwake.

Idadi kwanza, walimu baadaye

Kama Mlimani ilijipanga na bado ikapungukiwa, mambo yalikuwaje pale ambapo idadi ilitangulizwa mbele ya kila kitu? Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza, kikikusudiwa kufikia wanafunzi 40,000. Ulikuwa uamuzi wa kijasiri, nasi hatuna sababu ya kuubeza. Maelfu ya vijana wa shule za kata wasingepata mahali pa kwenda lau chuo kile kisingejengwa. Hata hivyo, ni katika chuo hicho hicho tulipopata fundisho chungu.

Mwaka 2014 ilianzishwa huko stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi kwa wahitimu wa Kidato cha Nne. Haja yake ilikuwa ya kweli, kwani shule za sekondari zilizojengwa kila kata hazikuwa na walimu wa fizikia, kemia na hesabu. Lakini mzigo wa kuwafundisha vijana hao uliwekwa juu ya wahadhiri waliokuwa na mizigo yao tayari, na malipo ya kazi hiyo ya ziada yakawa chanzo cha ugomvi. Mei 2016 wahadhiri wakaacha kufundisha, na Serikali ikaamuru wanafunzi hao, zaidi ya 7,000, waondoke chuoni kwa muda mfupi mno. Wananchi waliona mabinti na wavulana wakiwa na masanduku yao barabarani, wasijue pa kulala usiku ule. Baadaye wengine walihamishiwa vyuo vya ualimu kuendelea na masomo, na wengine wakaachwa nje.

Vijana hao hawakuwa wamefanya kosa lolote. Waliitwa, wakaja. Kosa lilikuwa la mpango uliohesabu wanafunzi bila kuhesabu saa za walimu.

Vyuo vya watu binafsi navyo havikusalimika. Baada ya kupanuka kwa kasi kwa miaka kadhaa, mwaka 2017 Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ilivizuia vyuo 19 kupokea wanafunzi wapya, na kufunga udahili katika programu 75 za vyuo vingine. Tume ilitimiza wajibu wake. Lakini mwananchi anayo haki ya kuuliza: ithibati ilitolewaje hapo awali kwa programu ambazo baada ya muda mfupi zilionekana hazifai? Mzazi aliyeuza ng'ombe ili alipe ada hana Tume yake ya kumrudishia mifugo.

Yaliyowapata majirani

Wale ndugu wawili wa zamani wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki nao wamepita katika tanuru lao. Makerere, ikiwa imebanwa na ukosefu wa fedha, ilianza mwaka 1992 kupokea wanafunzi wanaojilipia. Fedha zikaingia, mishahara ikapanda, na dunia ikaisifu Makerere kuwa mfano wa kuigwa. Lakini mwaka 2007 Profesa Mahmood Mamdani alichapisha kitabu kuhusu mageuzi hayo, akaonyesha jinsi idara zilivyogeuka kugombea wanafunzi kama wachuuzi wanavyogombea wateja, kila moja ikibuni kozi inayouzika hata kama si kazi yake.

Nairobi iliifuata njia hiyo mwaka 1998 kwa mkondo wake wa wanafunzi wanaojilipia, na vyuo vingine vya umma vya Kenya vikafanya vivyo. Kwa muda wa karibu miaka ishirini fedha hizo zilijenga majengo na kufungua matawi hata katika vyumba vya juu vya maduka mjini. Kisha, mwaka 2016, Serikali ya Kenya ilibana wizi wa mitihani, na idadi ya watahiniwa waliofikia alama za kuingia chuo kikuu ikashuka karibu kwa nusu ikilinganishwa na mwaka uliotangulia. Waliofaulu wote wakapata nafasi kwa udhamini wa Serikali, na mkondo wa wanaojilipia ukakauka. Vyuo vilivyokuwa vimeegemea nguzo hiyo moja vikajikuta na madeni ya mishahara, kodi na pensheni. Mwaka 2023 ukaletwa utaratibu mpya wa kugharimia wanafunzi kwa kadiri ya uwezo wa familia zao; ukaingia kwa haraka, wanafunzi na wazazi wakalalamika, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikautangaza kuwa kinyume cha Katiba, shauri ambalo baadaye lilipelekwa Mahakama ya Rufani.

Hatuyasemi haya kwa kuwacheka majirani, maana mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Makerere na Nairobi zilifanya kazi kwa bidii, lakini zilijenga juu ya chanzo kimoja cha fedha na kudhani hakitakauka. Wao walitegemea karo za wanaojilipia. Sisi leo tunategemea mkopo wa mradi, ambao tarehe yake ya kufungwa imeandikwa tangu siku ulipotiwa saini.

Maswali manne

Kwa hiyo, mtu anayetaka kujua kama mabadiliko ya sasa yamepangwa au yamepokelewa tu, na aulize maswali manne.

La kwanza: nani atafundisha? Wasomaji wetu wengi wanaishi katika mikoa ambako matawi mapya yamekusudiwa, na furaha yao ni ya haki. Mtoto wa Lindi, wa Kagera au wa Kigoma naye ni Mtanzania. Lakini jengo halifundishi. Kila tawi lipaswa kuwa na ikama yake iliyoandikwa kabla ya paa kuezekwa, ikionyesha ni wahadhiri wangapi, wa masomo gani, wenye sifa gani, wataajiriwa mwaka gani, na kibali cha ajira kitatoka lini. Wahadhiri wanaosomeshwa kwa fedha za mradi nao wajue mapema watarudi kufanya kazi wapi. Bila hivyo tutarudia lile la miaka ya 1990, ila safari hii tutakuwa na kumbi nzuri zaidi za kukosea walimu.

La pili: kitu gani kinaachwa? Mitaala inapoandikwa upya, ni rahisi kuongeza somo na ni vigumu mno kuondoa, kwa sababu kila somo lina mwenyewe. Vyuo vyetu vingi vinafundisha programu zinazofanana, biashara hapa na biashara pale, huku fani ambazo nchi inazihitaji zikikosa mahali. Yafaa turejee busara ya 1961. Tawi la mkoa mmoja lishike uvuvi na bahari, la mwingine lishike tiba, na lisione aibu kutokuwa na mengine yote. Baraza la Chuo ambalo halijafunga programu hata moja kwa miaka kumi bado halijapanga chochote.

La tatu: nani atalipa baada ya mradi? Maabara mpya inahitaji kemikali kila muhula, umeme kila siku, fundi kila mwezi, na vifaa vipya baada ya miaka michache. Fedha za mradi hununua darubini lakini hazilipi matengenezo yake miaka kumi baadaye. Kwa kila jengo linalokabidhiwa, Bunge lina haki ya kuonyeshwa makadirio ya gharama za kuliendesha, na kifungu cha bajeti zitakakotoka. Wala mzigo huo usirushwe kimyakimya kwa wanafunzi. Tangu gharama zilipoanza kuchangiwa katika miaka ya 1990, na tangu Bodi ya Mikopo ilipoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, kijana wa maskini amekuwa akiingia kazini na deni shingoni. Tangu 2016 mhitimu aliyekopa na kuajiriwa ametakiwa kukatwa asilimia 15 ya mshahara. Kila shilingi ya ada inayoongezwa ili kuziba pengo la mpango mbovu hutoka katika mfuko huo huo.

La nne: nani ameulizwa? Mikutano ya mashauriano ya miaka ya 1990 haikuwa sherehe. Ilikuwa mahali ambapo Makamu Mkuu wa Chuo alisimama mbele ya watu na kuulizwa kwa nini jambo aliloahidi mwaka jana halijafanyika. Leo mpango mkakati wa chuo huchapishwa kwa karatasi inayong'aa, ukawekwa kabatini. Mhadhiri anayefundisha wanafunzi mamia kadhaa katika ukumbi mmoja, fundi sanifu wa maabara, kiongozi wa wanafunzi, na mwajiri anayempokea mhitimu, hawa wote wanajua mambo ambayo mshauri aliyekodiwa kwa wiki sita hawezi kuyajua.

Saa haingoji

Wako watakaosema kwamba kuuliza maswali mengi namna hii ni kuchelewesha, na kwamba kila mwaka wa kungoja ni mwaka wa vijana kukosa nafasi. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuipuuzi. Wanaofika chuo kikuu katika nchi yetu bado ni wachache ukilinganisha na walioanza nao darasa la kwanza, na wanaobaki nje aghalabu ni wa vijijini. Lakini waliofukuzwa Dodoma mwaka 2016 hawakupewa nafasi. Walipewa miaka miwili, kisha wakanyang'anywa. Kuwapokea vijana wachache zaidi mwaka wa kwanza, mkawafundisha mpaka mwisho, ni kuwatendea haki kuliko kuwapokea wengi na kuwaacha njiani.

Isitoshe, safari hii tarehe tunazo mkononi. Mapema mwaka 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, na mitaala mipya ilikuwa imeanza kuingia shuleni tangu Januari 2024. Mwanafunzi aliyeingia Kidato cha Kwanza mwezi huo katika mkondo wa amali anatazamiwa kumaliza Kidato cha Nne mwaka 2027, na akiendelea hadi Kidato cha Sita, atabisha hodi chuo kikuu mwaka 2030. Atakuja akiwa amefundishwa kwa namna nyingine, akiwa na ufundi mikononi na matarajio tofauti. Hapana chuo kitakachoweza kusema kwamba hakikupewa taarifa. Mhadhiri atakayemfundisha kijana huyo, kama leo bado yuko masomoni, imebaki miaka michache tu ya kumaliza, na kama hata hajapelekwa, basi tumekwisha kuchelewa.

Ushauri wetu kwa Serikali, kwa Tume na kwa Mabaraza ya Vyuo ni huu. Kabla mradi haujafungwa rasmi, kila chuo cha umma kitoe hadharani taarifa inayojibu maswali haya manne kwa tarakimu na kwa tarehe, na taarifa hiyo isomwe tena mbele ya wadau kila mwaka, kama ilivyofanywa Mlimani zamani. Vibali vya ajira za wahadhiri viende sambamba na vibali vya ujenzi, kwa kuwa kutenganisha viwili hivi ndilo kosa lililotugharimu kuliko yote. Nao viongozi wa mikoa, wanapoomba tawi la chuo, waombe pia walimu wake.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza katika nyumba ya kuazima kikiwa na somo moja, walimu wa kutosha na wanafunzi wasiojaza hata basi moja, na miongoni mwa waliosomea humo wametoka majaji, mawaziri na marais wa nchi hii na nchi jirani. Wale waliokianzisha walijua ni kipi kinatangulia. Leo majengo tunayo, na mengine yanakuja. Tulichobakiza ni kuchagua.